Sanduku la Ijumaa na Kijiko cha Buluu

Jikoni mwetu kuna vijiko vikubwa vya kupakulia ishirini na vinne. Kumi na viwili vina mpini wa buluu, kumi na viwili vina mpini mwekundu. Vya buluu ni vya chakula chenye maziwa, vyekundu ni vya nyama, na havionani: havilali droo moja, havioshwi sinki moja, havikaushwi kwa kitambaa kimoja. Siku ya kwanza nilipoonyeshwa mpango huo nilidhani nimeingia nyumba ya wake wenza wasiosalimiana.

Ninavihesabu kila asubuhi na kila ninapoondoka, mara mbili mbili. Hakuna aliyeniagiza. Nimeuza viatu vya mitumba katika soko la Gikomba, Nairobi, miaka kumi na minne, na mtu wa Gikomba huhesabu anapofungua bale, lile robota la mitumba, na huhesabu anapofunga, maana katikati hapo imepita mikono ya watu.

Ijumaa ninayoisimulia, asubuhi vilikuwa kumi na viwili kwa kumi na viwili. Saa tano na dakika kumi, vya buluu vilikuwa kumi na kimoja. Nikahesabu tena. Kumi na kimoja.

Nirudi nyuma kidogo, ili ieleweke kwa nini kijiko kimoja kilinitoa jasho kwenye baridi ile.

Tulikuja Birmingham, Uingereza, kwa mkono wa mke wangu. Yeye ni muuguzi, viza ni yake, na mimi kwenye makaratasi nimeandikwa mtegemezi wake, neno ambalo lingesikika Gikomba nisingepita tena mchana. Miaka miwili ya kwanza nilifanya kazi ya usiku kwenye ghala huko Aston, nikipanga maboksi. Mke wangu akitoka zamu, mimi naingia. Tuliishi kama walinzi wa lango moja, tunapokezana funguo na mtoto. Mambo ya nyumba tuliandikiana kwenye karatasi ndefu iliyobandikwa mlango wa friji. "Mtoto anakohoa." "Sukari imeisha." "Nakupenda, toa takataka." Siku moja nikakuta mwandiko mwingine chini kabisa, pale anapofika mtu wa miaka mitano, kwa penseli: "Tutakula lini wote?" Aliandika kwa Kiingereza. Kiswahili binti yangu anakielewa chote, ila hakitoki mdomoni mwake.

Karatasi ile haikuniacha. Nikiwa ghalani, boksi mkononi, naiona. Kwa hiyo shule yake ilipotangaza nafasi ya msaidizi wa jikoni, niliomba kazi hiyo nikiwa bado na vumbi la Aston kichwani. Nikapewa miezi mitatu ya majaribio. Tunatoka naye nyumbani Ladywood asubuhi, tunarudi naye mchana, na mke wangu akiwa na zamu ya mchana tunakutana mezani watatu. Ijumaa ile ilikuwa siku ya mwisho ya majaribio. Saa saba fomu ya ajira ingetiwa sahihi au isitiwe. Isipotiwa, ghala lilikuwa palepale, na usiku wake ulikuwa unaningoja.

Shule yenyewe ni ya Wayahudi. Kanisani, Wakenya wenzangu walinizunguka baada ya ibada.

"Kwa hivyo mmehama dini?"

"Tumehama basi," nikasema. "Zamani tulipanda mawili, sasa tunapanda moja."

Na huo ndio ukweli. Basi lilikuwa moja na nafasi ilikuwepo. Familia nyingi za Kiyahudi zilishahamia miji mingine, na madawati yao yakajazwa na watoto wa Balsall Heath na mitaa ya jirani, wengi wao Waislamu. Asubuhi langoni unawaona akina mama wa hijabu wakikumbusha watoto daftari la Kiebrania. Kuna wavulana wanaovaa hapa kofia ileile waliyovaa jana chuoni kwenye Kurani. Kichwa kimoja, kofia moja, inafanya kazi mahali pawili. Mimi kama mfanyabiashara niliiheshimu hesabu hiyo. Baba mmoja mwenye mgahawa Balsall Heath alinishika bega siku ya baridi kali akaniambia, "Ndugu yangu, jikoni kwenu mnachunga kuliko mama yangu. Mtoto akila hapa, mimi sina swali." Nilitabasamu. Baadaye nilitamani asingeniambia.

Jikoni palikuwa na mtawala mmoja. Mama wa Kiyahudi wa miaka sabini kasoro, mfupi, mwenye miwani jozi mbili, moja usoni na nyingine kichwani, naye siku zote alikuwa akitafuta ya tatu. Kwa mdomo nilimwita Madam. Kimoyomoyo nilimwita Mama Mkuu. Yeye aliniita kijana, ingawa nina miaka arobaini na mitatu na goti moja bovu. Alisoma shule hiyo alipokuwa mdogo, wakati ikiwa bado karibu na katikati ya mji, kabla haijahamia huku kwenye miti.

Historia ya shule sikuisoma popote. Niliipata nikimenya viazi. Ukutani koridoni zipo picha, na iliyo kuukuu kuliko zote ina watoto arobaini na mmoja; nimewahesabu mara mbili, na huyo wa mwisho amejificha nyuma ya gauni la mwalimu, unaona kiatu tu. Nikamuuliza Mama Mkuu hawa walikuwa watoto wa nani.

"Wa wachuuzi," akasema. "Baba zao walikuja kutoka mashariki huko, wamefukuzwa, hawajui lugha. Walibeba mabunda ya nguo kuukuu mgongoni, kijiji hadi kijiji, wanarudi mjini Ijumaa kabla jua halijazama."

Kisu changu kikasimama katikati ya kiazi. "Nguo kuukuu? Zilizovaliwa na watu wengine?"

"Kwani kuna kuukuu za namna gani nyingine?"

"Madam, mimi hiyo ndiyo kazi yangu."

Alinitazama juu ya miwani ya usoni. "Kazi yako ni viazi, kijana. Menya."

Lakini alinisimulia. Shule ilianzia kwenye chumba nyuma ya sinagogi, kabla wenyewe hawajawa na nyumba za kueleweka, kwa sababu baba aliyebeba bunda alijua kwamba mtoto asiyesoma atalibeba pia. Jambo la pili lilikuwa chakula: mtoto ale mahali ambapo hana haja ya kuuliza kilichomo. Na la tatu lilikuwa sanduku.

Sanduku la Ijumaa. Ni la mbao, lina magurudumu yanayolia kama kifaranga. Kila Ijumaa kabla ya chakula, darasa moja hulisukuma shule nzima, na kila mtu, mwalimu kwa mwanafunzi, huulizwa, "Una kitu kisicho chako?" Mtu anatoa penseli aliyoazima Jumanne, glavu aliyoiokota uwanjani, kifutio. Kila kitu hurudi kwa mwenyewe kabla Sabato haijaingia. Aliyenacho anatoa, anashukuriwa, haulizwi kimefikaje kwake.

Mama Mkuu alisema sanduku lilitokana na koti. Mchuuzi mmoja wa wale wa mwanzo alinunua koti kuukuu kijijini, akafika mjini, akapapasa bitana, akakuta pete imeshonewa ndani. Akageuka akairudisha.

"Kwa miguu," akasema. "Bibi yangu alisema siku mbili kwenda. Mama yangu alisema siku moja."

"Mimi ningesema saa tatu," nikasema. "Na basi kurudi."

Alicheka hadi miwani ya kichwani ikaangukia kwenye viazi. Lakini mimi ile hadithi ilinikera. Gikomba, kilicho mfukoni mwa mtumba ni cha aliyefungua bale. Ndiyo sheria, kila mtu anaijua, hakuna anayeona haya. Nimekuta mle sarafu za nchi nisizozijua, miwani, meno ya bandia, na mara moja picha ya mtoto kwenye kiatu cha mwanamume, imekunjwa chini ya soli ya ndani. Vingine niliviuza. Picha niliitupa. Nikimenya viazi vya Mama Mkuu nilijikuta nikimwona yule mtoto wa kwenye kiatu, na nikakasirika, maana sikumwalika.

Sasa nifike kwenye chai.

Mimi bila chai si mtu. Na ninaposema chai nasema majani, maziwa na sukari vikichemka pamoja hadi ipande, si ule mfuko unaotumbukizwa kwenye maji ya moto na kuaibishwa kwa tone la maziwa baridi. Nilianza kumwomba Mama Mkuu ruhusa wiki ya kwanza. Akakataa. Nikaomba wiki ya pili kwa sauti ya chini zaidi. Mwezi wa pili tulikubaliana: Jumatatu na Jumatano, siku za maziwa, upande wa maziwa, kisufuria changu, kijiko changu kidogo, na iwe imekwisha kabla ya saa mbili asubuhi.

"Siku ya nyama, hakuna chai," akasema, kidole juu. "Maziwa na nyama havipati moto pamoja humu. Umesikia?"

"Nimesikia, Madam."

Ijumaa ni siku ya nyama.

Ijumaa ile sikuwa nimelala vizuri. Fomu ilikuwa inanizunguka kichwani kama nzi. Nilimfikisha binti yangu kwenye darasa la watoto wanaokuja mapema, nikafungua jikoni saa moja na nusu, na Mama Mkuu huja saa mbili. Nusu saa. Nani angejua? Nikabandika maziwa. Kijiko changu kidogo kilikuwa nyumbani, nikachukua kimoja cha buluu, cha shule. Na chai yetu, anayeijua anaijua, husimami tu kuitazama. Unaiteka na kuimwaga kutoka juu, unaiteka na kuimwaga, isifurike, ipate povu. Niliifanyia hivyo huku nikipiga mluzi. Nikanywa. Kwa dakika tano nilikuwa mtu.

Nikasikia ufunguo mlangoni. Mama Mkuu alikuwa amewahi.

Nikasuuza kisufuria, nikakificha. Kijiko nikakipitisha kwenye maji ya moto, nikakifuta, lakini tayari alikuwa amesimama mbele ya droo ya buluu akitafuta miwani. Basi nikakitia kwenye mfuko mkubwa wa aproni, nikasema nitakirudisha akigeuka. Hakugeuka. Zikaja karoti, yakaja maji ya kumwaga, ukaja mkate wa kusuka wa Sabato mlangoni, na saa tano sufuria kubwa ya mchuzi wa nyama ilikuwa inatokota upande wa nyama, ikitaka kukorogwa. Mkono uliokoroga chai tangu utotoni hauulizi rangi. Ulishuka mfukoni, ukatoa kijiko, ukakoroga. Kisha nikaitwa mlangoni kusaini risiti ya mkate. Nikaacha kijiko ndani.

Niliporudi ndipo nilipohesabu droo ya buluu. Kumi na kimoja, mara mbili. Nikapapasa mfuko. Mtupu. Nikageuza shingo taratibu kuelekea sufuria, na mpini wa buluu ulikuwa umeegemea ukingo, umetulia, kama mgeni aliyekuta mlango wazi.

Mama Mkuu aliuona wakati uleule.

"Hicho ni nini?"

"Madam, rangi zimenichanganya."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alizima jiko, akafuta mikono, akauliza swali moja, polepole: "Mara ya mwisho kijiko hiki kuguswa na maziwa ya moto ilikuwa lini?"

Sikujua kwa nini anauliza hilo. Nilijua tu kwamba jibu la kweli lilikuwa na kosa la pili ndani yake, na fomu ilikuwa saa saba. Mfanyabiashara hatoi bei ya mwisho mwanzoni. Nikasema, "Jumatano."

Akapiga simu kwa rabi, mwalimu wao wa dini anayesimamia sheria za chakula cha shule. Nilimsikia akieleza: kijiko cha maziwa, safi, kimepita siku nzima na zaidi bila kuguswa na maziwa ya moto. Akasikiliza. Akashukuru. Akakata.

"Inaliwa," akasema, na mabega yake yakashuka. "Kwa sababu ni tangu Jumatano. Kikishapita siku nzima, ladha iliyobaki ndani ya chuma haihesabiki." Akakitoa kijiko kwa kitambaa cha karatasi kama anayemtoa panya. "Kosa la rangi, kijana. Hata mimi nimewahi. Washa jiko, moto mdogo."

Nimewahi kuuza jozi ya viatu vya miguu miwili ya kushoto na mnunuzi akaniombea baraka. Najua hisia ya kushinda. Hii haikuwa hiyo. Niliwasha jiko, nikasimama, nikakaa, nikasimama. Nikahesabu vijiko vyekundu bila sababu. Nikaenda mlangoni nikarudi. Watoto wote wa shule ile wangekula kwa sababu ya neno Jumatano, na neno Jumatano nililitoa mimi, mfukoni, pamoja na kijiko.

Nikajitetea mwenyewe. Ni chai. Kijiko kilisuuzwa. Watoto wengi si Wayahudi, na chai na nyama kwao si neno. Lakini nikamwona yule baba wa mgahawa: mimi sina swali. Hakusema hana swali juu ya nyama. Alisema hana swali juu yetu.

Saa tano na dakika thelathini na tano nikasikia kifaranga koridoni. Magurudumu. Ilikuwa zamu ya darasa la binti yangu.

Aliingia yeye na mwenzake mmoja wa kike, wamelishika sanduku pande mbili, wamekaza nyuso kama maafisa wa forodha. Jikoni hawaruhusiwi kuvuka mstari wa njano, wakasimama pale. Mama Mkuu akatoa kalamu isiyo yake, akashukuriwa. Kisha binti yangu akanitazama. Kazini hanijui, hiyo ndiyo sheria yake.

"Una kitu kisicho chako?" akauliza kwa Kiingereza chake cha Birmingham.

"Sina," nikasema.

"Dadi," akanong'ona, sheria ikamshinda. "Angalia mifuko. Lazima uangalie mifuko kwanza."

Nikatia mkono kwenye aproni mbele yao. Mfuko ulikuwa mtupu, lakini ulikuwa na unyevu bado, na vidole vilipotoka vilinuka chai.

"Sina," nikasema tena.

Akaandika kwenye karatasi yake, wakalisukuma sanduku, kifaranga kikalia kikaenda. Nilibaki na mkono hewani. Nikawaza, kuna njia mbili za kumpa mtoto huyu meza yenye watu watatu, na ile ya uongo nimeshaitumia.

"Madam," nikasema. "Si Jumatano."

Alikuwa anakata mkate. Kisu kikakoma.

"Ni leo. Saa moja na dakika arobaini. Nilichemsha chai."

"Siku ya nyama."

"Siku ya nyama."

"Kwa kijiko cha shule."

"Kwa kijiko cha shule. Kikakaa mfukoni. Nikakoroga nacho."

Uso wake ulipauka, halafu ukawa mwekundu, halafu akatafuta miwani iliyokuwa usoni. "Unajua umenifanya nimwambie nini mtu yule?" akasema. "Mimi. Kwa mdomo wangu." Akabonyeza simu, ikaita, ikaita. Dakika ishirini zilibaki kabla ya watoto kula. Ikaita. Nikaanza kuhesabu milio. Wa tisa rabi akapokea, nyuma yake watoto wa darasa jingine mahali pengine wakiimba. Mama Mkuu akanyoosha mkono. Akanikabidhi simu. "Mwambie mwenyewe."

Nikamwambia. Rabi alikuwa na sauti ya mtu anayekula tofaa.

"Kwa hivyo ni leo," akasema. "Kwa nini mara ya kwanza ilikuwa Jumatano?"

"Niliacha nafasi ya mazungumzo, bwana."

"Sasa hakuna nafasi. Kijiko kizima kiliingia?"

"Chuma chote, hadi mpini."

"Sufuria ina kiasi gani?"

"Kama lita thel..."

"Usiniambie kama."

Ndipo nilipoipata ile sheria, huku Mama Mkuu akininong'oneza upande wa pili: kilichoingia kimakosa kikiwa kidogo sana mbele ya chakula, chakula kikikizidi mara sitini, kimemezwa, hakihesabiki. Mara sitini! Dini yenye kipimo! Nikashika jagi la maji, nikaenda kwenye sufuria mbio, niongeze lita mbili tatu za usalama. Mama Mkuu akanikamata mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Ukiongeza kwa makusudi umeiharibu! Ni ile iliyokuwepo kijiko kilipoingia. Hiyo tu."

Nikaweka jagi chini. Tukapima. Mchuzi ulikuwa kwenye mstari wa lita thelathini. Nikausoma mara mbili, naye akausoma kwa kila miwani. Kisha jagi la kijani, la vyakula visivyo na upande, tukalijaza maji hadi ukingoni, tukazamisha kijiko, tukakinga yaliyomwagika, tukayapima kwa kijiko cha chai.

"Vinne na kidogo," nikasema kwenye simu.

"Hicho kidogo ni kiasi gani?"

"Robo."

"Sema vitano."

Nilianza kumpenda mtu huyu. Sokoni sote tunakadiria kwa kujipendelea. Yeye alikadiria kwa kujiumiza. Vitano mara sitini ni vijiko mia tatu vya chai, lita moja na nusu. Sisi tulikuwa na thelathini.

"Mara ishirini ya inayotakiwa," nikasema. Nikarudia hesabu kwa sauti. Ilikuwa ileile.

"Watoto wapewe chakula," akasema rabi. "Kijiko kiwekwe pembeni."

"Kwa hivyo hata kama ningesema kweli tangu mwanzo..."

"Inaliwa, ndiyo. Ulidanganya bure." Akatafuna. "Nipe Madam wako."

Sijui alimwambia nini. Alisikiliza muda mrefu akinitazama, akasema "hm" mara nne.

Watoto walikula saa sita kamili. Wakabariki mkate kwa Kiebrania, kofia za namna zote, na mchuzi ukaisha hadi sufuria ikaonyesha sura yangu. Binti yangu alirudi kuomba nyongeza, akanipungia kidole kimoja tu, kisirisiri.

Saa saba, kwa sababu Ijumaa za baridi shule hufungwa mapema Sabato isiwakute njiani, tulikaa na Mama Mkuu kwenye meza ya chuma na fomu katikati. Kijiko alikuwa amekichomeka kwenye chungu cha ua dirishani, kichwa chini. Rabi alishasema kichemshwe baada ya siku nzima, lakini bibi yake Mama Mkuu alikuwa akivichomeka kwenye udongo, na yeye alitaka kumridhisha bibi pia.

Alishika kalamu, akaiweka. "Nimekuwa na wasaidizi wanne humu waliosema hawajawahi kukosea hata mara moja," akasema. "Hesabu hiyo sikuwahi kuiamini."

Nilijua usipoulizwa bei, nyamaza.

"Miezi mitatu mingine ya majaribio."

"Mmoja," nikasema. Mdomo wangu hauna adabu.

"Kijana."

"Miwili. Na chai Jumatatu."

"Chai imekwisha. Kabisa. Unywe barabarani."

"Madam, barabarani kuna baridi."

"Hadi Pasaka," akasema. "Pasaka yetu tunasafisha humu jikoni hadi kwenye misumari, kila kijiko kinachemshwa. Ukifika hapo na droo zimetimia, natia sahihi. Na leo naandika yote. Chai, mfuko, Jumatano. Mwalimu mkuu atayasoma."

"Atanifukuza?"

"Sijui. Nenda nyumbani bila kujua, kama wewe ulivyonifanya nisijue." Akaandika mistari saba, niliihesabu kichwa chini. Akakunja. "Ijumaa njema, kijana."

Tulirudi Ladywood chini ya mawingu yenye giza, mimi na binti yangu, dirisha la basi likiwa na ukungu wa pumzi za watu. Alikuwa na mkate mdogo wa kusuka aliouoka darasani, ameufunika kwa karatasi, haruhusu mtu auone.

"Dadi, nilikuandika huna kitu," akasema.

"Nilikuwa nacho."

"Ulikipata wapi?"

"Mfukoni. Baada ya ninyi kuondoka. Nikakirudisha."

Alifikiri vituo viwili vizima. "Basi Ijumaa ijayo nitabadilisha karatasi," akasema.

Mke wangu alikuwa amefika kabla yetu, sare bado mwilini, viatu mkononi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, maana kukaa kulinishinda. Alinisikiliza kama anavyosikiliza wagonjwa, bila kunikatiza.

"Kwa hiyo baba, una kazi au huna?"

"Hadi Jumatatu sijui. Baada ya hapo, labda hadi Pasaka."

"Na chai?"

"Chai sina."

Akainuka, akabandika maziwa. Binti yetu akauweka mkate wake katikati ya meza na kutukataza kuugusa hadi wote tukae. Simu yangu nikaigeuza kifudifudi, nikaigeuza tena, hakuna ujumbe. Nikapanga sahani. Tatu. Nikazihesabu tena, nikakaa.